Jani Lililokunjwa Katikati

Kwetu Murara, mtaa wa Goma, chini ni mawe ya volkano, na anayetaka kupanda mti lazima kwanza autafutie udongo. Tulipohamia Goma kutoka Butembo, baba alivunja mawe ya uani kwa nyundo siku nne, akajaza shimo kwa magunia ya udongo yaliyoletwa na lori, akapanda mchungwa mmoja. Baba alipofariki, mama alianza kuusalimia mti ule kila asubuhi kabla ya kutusalimia sisi. Niliuonea wivu, sifichi.

Kisha majani yakaanza kuwa manjano. Goma, kila kinachoharibika kosa lake ni la volkano. Maharagwe yakikauka, ni moshi. Mabati yakitoboka, ni moshi. Mtoto akikohoa, ni moshi. Basi kila mvua ilipokatika mama alitutuma ziwani kuchota maji kwa mabidoni, yale madumu ya plastiki, tukaosha jani moja moja kwa kitambaa. Tuliosha miezi na miezi. Machungwa yalizidi kuwa madogo, yamepinda upande mmoja, machungu kama dawa ya malaria. Tuliyala yote na kuyasifu, kwa sababu mama alikuwa anatutazama.

Vita ilipofunga barabara ya kaskazini, watu walishuka kwa miguu hadi Kibati, nje kidogo ya mji, wengine wakaingia mjini. Mama mmoja wa Kalengera, kijiji cha huko kaskazini, alikaa kwetu miezi mitano. Aliacha michungwa kumi na miwili huko, na jioni, wakichambua maharagwe, alimsimulia mama yangu habari zake: ule wa karibu na jiko, ule unaozaa mapema, ule mkaidi. Mti wetu aliutazama mara nyingi, akarudi kwenye maharagwe.

Barabara ilipofunguliwa, mama alikata tawi zuri kuliko yote, akalifunga kwa kitambaa kibichi, ili mwenzake akaliunganishe na mti wake mmoja. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Yule mama akaficha mikono nyuma.

“Dada, unisamehe. Ile siwezi kubeba.”

“Tawi ya bwana yangu iko na kosa gani?”

Mgeni akachuma jani, akalikunja katikati kwa kufuata mshipa wake mkubwa. “Angalia. Ingekuwa njaa ya udongo, huku na huku vingefanana. Lakini upande huu iko na madoa ya manjano, ule hapana. Ni ugonjwa, iko ndani ya mishipa. Ilimaliza miti ya jirani yangu. Nikibeba hii tawi, nitaua yangu yote.”

Mama aliingia ndani na tawi lake. Siku mbili hawakusemezana. Hata chumvi waliombana kupitia kwangu. Siku ya pili jioni nilimkuta mama uani, ameketi chini, anakunja jani baada ya jani. Alikuwa anatafuta hata moja ambalo pande zake zinafanana. Nilichuchumaa, nikakunja naye hadi giza likaingia. Hatukulipata.

Miaka mingi baadaye agronomu mmoja, mtaalamu wa kilimo, alinieleza kwamba ni bakteria, kwamba huletwa na vidudu vidogo vinavyofyonza majani machanga, au na tawi la kuunganisha, na kwamba hakuna dawa. Nilimsikiliza kwa adabu.

Asubuhi ya safari ya mgeni, mama aliazima panga kwa jirani, akaukata mti mwenyewe, akilia waziwazi. Matawi tuliyachoma pale pale, tukapikia chai ya kuagana.

“Sina kitu ya kukupatia, dada,” alisema. “Uende hivyo, mikono mutupu.”

Yule mama alimkumbatia kwa mikono hiyo mitupu, akapanda lori.

Haukupita muda mrefu, barabara ikafungwa tena. Kwa zaidi ya mwaka hatukujua kama yuko hai. Mama alipanda lengalenga, mboga ya jamii ya mchicha, kwenye shimo la baba, na kila aliyefika kutoka kaskazini alimuuliza habari za Kalengera.

Kisha barabara ikafunguliwa, na siku moja dereva wa lori lililotoka Kalengera alituachia kifuko mlangoni. Ndani mlikuwa na machungwa sita makubwa, moja likiwa bado na kijiti chake na majani mawili. Tulikuwa tumeshanyoosha mikono. Mama akatuzuia. Alichuma jani, akalikunja katikati, akaliinua kwenye mwanga, akatazama upande mmoja, akageuza, akatazama wa pili.

“Vinafanana,” alisema. Kisha akatumenyea.