Nilikunja Mswala Bila Udhuru

Admin, nakutumia hii kwa simu ya dada yangu. Tafadhali nifiche jina, na ukishaiposti usinijibu huku, dada yangu ana mdomo.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, naishi Likoni, na huu ni mwaka wa saba tangu niolewe. Nina binti mmoja wa miaka mitano, Salma tumwite. Tunakaa nyumba moja na mama mkwe, na kabla hamjaanza kumtia maneno kwenye komenti, si mama mkwe wa aina mnayoijua. Mbaya hapa ni mimi.

Mimba ya Salma ilinipandisha presha mpaka nikazimia leba. Nilipozinduka niliapa moyoni sizai tena. Salma alipotimiza miaka miwili, mama mkwe akaanza kuuliza mdogo wake yuko wapi, na mume wangu akawa anacheka tu. Mimi nikajiamulia kwamba nikisema sitaki, ataniletea mke mwenza. Sikumuuliza hata siku moja. Niliaga naenda Shelly kununua samaki, nikapitia zahanati nikachomwa sindano ya miezi mitatu. Samaki nilinunua kweli, nikijiona mjanja.

Sindano ikanikausha. Mwezi wa kwanza sikuona damu, wa pili vilevile, nami nikafurahi. Nilichosahau ni kwamba Magharibi tunaswali pamoja, mimi na mama mkwe, na siku zangu zikifika huukunja mswala wangu nikauweka juu ya kabati mpaka nioge. Yeye haulizi, anaona. Mwezi ule wa pili akaniangalia na tabasamu: "Mwanangu, mbona mswala haujakunjwa? Tumshukuru Mungu?"

Kesho yake nikaukunja. Siku sita sikuswali, na udhuru sina, mzima kama wewe unayesoma. Mwezi uliofuata nikafanya tena. Miaka mitatu nimejipangia hedhi ya uongo, tarehe naziandika kwenye simu nisije nikazichanganya. Hata hivi naandika nasikia aibu.

Ramadhani iliyopita ndiyo iliyonivunja. Nilikuwa kwenye hizo siku zangu za kujitungia, mchana jua kali, nimejifungia chumbani nanywa maji. Mama mkwe akabisha hodi. Amefunga, midomo imemkauka, na mkononi ana sahani ya wali na mchuzi aliyonipikia mwenyewe. "Kula mwanangu, usione haya, una udhuru. Damu yataka chakula." Wallahi wali ule niliumeza na machozi. Tarehe ya sindano ilipofika sikwenda tena.

Nilidhani nikiacha tu, mwili utarudi kama zamani na dhambi itakwisha yenyewe. Miezi mitano ikapita kavu, na safari hii mswala sikuukunja. Kisha damu ikaja siku kumi na nane mfululizo, ikakatika siku nne, ikarudi matone matone. Sasa hata sijui lini nioge niswali. Nesi wa zahanati ileile aliniambia mwili huchukua muda baada ya sindano ile, na nisijidanganye, mimba inaweza kuingia hata damu haijakaa sawa. Nikamwomba njia isiyo na homoni. Kuhesabu siku, siku zangu zenyewe hazihesabiki. Koili ya shaba huenda ikaniongezea damu miezi ya mwanzo, nami damu imenichosha. Mipira, nani atavaa bila kujua? "Mumeo anasemaje?" nesi akauliza. Nikamwambia yuko safarini. Mume wangu anachomelea vyuma Changamwe, na kila jioni yuko nyumbani.

Mama mkwe alipoona mswala umekaa juu ya kabati wiki tatu, akaamini mimba imenitoka. Akahesabu na ile miezi mitano, akamwambia mwanawe. Mume wangu alirudi mapema siku hiyo, akafunga mlango wa chumba.

"Mama Salma, mimba yakutoka nawe wanyamaza?" Akaketi kando yangu kitandani. "Mimi nilikuona siku ile leba. Tangu siku ile mtoto wa pili simtaki. Nilinyamaza nikidhani wewe wamtaka."

Nililia mpaka nikashindwa kupumua. Yeye akaona machozi yale ndiyo jibu. Akatoka akamwambia mama yake, kwa ukali ambao sijawahi kuusikia, asinitajie mtoto tena. Kisha akaniambia nichague njia ya uzazi ninayoitaka, na Jumatatu atanisindikiza mwenyewe zahanati. Nesi ananijua. Kadi yangu yenye tarehe zote za sindano iko palepale.

Mama mkwe tangu siku hiyo hali vizuri. Jana baada ya Alasiri alinifuata jikoni nikikuna nazi, akanishika mikono yote miwili ikiwa na machicha.

"Nisamehe mwanangu. Ni maneno yangu yaliyokutoa mimba. Niambie umenisamehe, nisije nikafa na hili."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua. Nikasikia sauti yangu ikijibu, "Nimekusamehe, Mama." Akanibusu kichwani, akavuta kibao cha mbuzi akaendelea kukuna nazi yeye.

Usiku kucha sikulala, na asubuhi nimemwona amekaa mswalani muda mrefu kuliko kawaida, analia. Jumatatu haiko mbali. Nyinyi mlio na busara, msinitukane, najitukana vya kutosha. Nishaurini: niseme kweli niwapoteze wote wawili, au ninyamaze huku mama wa watu akitubia dhambi ambayo hakuitenda?