Kufuli la Mama Jirani

Injini ya gemu ni ile programu inayofanya kitu kijibu ukikibonyeza kwenye picha. Nimekuwa nikiunda yangu nyumbani, kwa kupenda tu, na kwa sababu sijui kuchora nilitumia picha za ploti yetu ya Riruta, jengo la vyumba vya kupanga: ngazi, kamba za nguo, milango ya majirani.

Picha ya mlango wa mama jirani ilitoka na giza, kwa hivyo Jumamosi nikarudi kuupiga picha tena. Akanikuta nimeinamia kufuli lake na simu mkononi. Wiki hiyo nyumba mbili zilikuwa zimevunjwa na wezi. Kabla sijajieleza, koridoni kulijaa watu na mwenye ploti alikuwa amenikamata shati. Nimewahi kuona mwizi akishikwa mtaani kwetu.

"Mama, ni gemu tu," nikasema, nikawaingiza kwangu na kuwasha laptopu. Mpumbavu mimi. Mama akauona mlango wake kwenye skrini, akaubonyeza.

Yakatokea maneno niliyoyaandika mwenyewe: "Mama hurudi saa kumi na mbili jioni. Tafuta kitu cha kukatia kufuli."