Matabishi ya Kichwa Changu

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma Lubumbashi, ameniandikia leo asubuhi: "Tantine, msusi wangu amenisuka vizuri sana. Nimpe na matabishi, ama bei tu inatosha?" Ameweka na picha ya kichwa chake. Kweli amesukwa, mistari imenyooka mpaka nyuma ya shingo. Nimeishika simu tangu saa ile na sijamjibu. Ni swali dogo, mtu mwingine angelijibu huku anakoroga bukari, ugali wetu. Mimi limenipandisha hasira, na hasira yenyewe si ya yule mtoto, maskini.

Matabishi kwetu ni ile nyongeza. Mama wa unga sokoni akishapima anakutilia kiganja kimoja juu, hiyo ni matabishi. Na wewe ukiipenda kazi ya mtu unamwachia kitu juu ya bei, hiyo nayo ni matabishi. Hakuna anayekulazimisha. Ndiyo maana ikikugeukia inauma zaidi kuliko kuibiwa, kwa sababu ulitoa mwenyewe, kwa mkono wako, tena ukicheka.

Mimi nilikuwa mtoaji. Tuliishi Shituru, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, katika nyumba ya matofali aliyoinunua alipokuwa bado na kazi nzuri. Msusi wangu alikuwa na kibanda cha mabati karibu na reli, benchi moja, mkeka mmoja, na kioo kilichovunjika pembeni. Nilikaa chini kwenye mkeka ule, kichwa katikati ya magoti yake, kwa miaka mingi. Hakuna mtu aliyekijua kichwa changu kama yeye. Alijua kovu la utotoni liko wapi, alijua ni upande gani naumia nikivutwa. Na huwezi kukaa saa nne kati ya magoti ya mtu ukanyamaza. Niliongea. Niliyomwambia yule mwanamke sikumwambia hata mama yangu.

Kwa hiyo nilimpa. Nikitoka kwa kaka yangu Kapolowe nilimletea samaki wakavu. Alipojifungua nilimpelekea sabuni na nguo za mtoto. Siku za kawaida nilimwachia noti moja juu ya bei, nikaikunja mkononi mwake ili wateja wengine wasione. Mume wangu alikuwa ananichokoza: "Unalipa nywele ama unalipa rafiki?" Nilimwambia aache ubahili. Dada yake mkubwa, wifi yangu, alisukwa pale pale na hakutoa matabishi hata siku moja. Alilipa bei, akatikisa nguo yake, akaondoka. Mimi na msusi tulimcheka sana kwa jambo hilo. Nasema wazi, tulimcheka.

Na kila akimaliza kunisuka, msusi alifanya kitu kimoja. Aliokota nywele zote zilizotoka na kitana, hata zile za kwenye mkeka, akazikunja ndani ya karatasi ya daftari, akanipa. "Kichwa chako hiki, mama," alisema kila mara. Nikaenda kuzichoma nyumbani. Huku kwetu huachi nywele zako mikononi mwa mtu, anaweza kukurogea. Tunasali, tunaimba, tunasema hatuogopi vitu hivyo, halafu kila mwanamke anatoka kwa msusi na kikaratasi chake. Mimi sikuwahi hata kugeuka kuangalia. Nilikuwa nanyoosha mkono nyuma, na karatasi inaingia ndani yake.

Mume wangu alikufa kwa ugonjwa wa wiki mbili. Sitausimulia. Baada ya mazishi, familia yake iliketi ikaniambia masharti, na mjomba wake, mzee wa familia, ndiye aliyeyasema. Nitakaa katika kilio mwaka mzima. Sitavaa nguo za rangi. Sitasuka nywele, sitazichana kwa urembo, zitabaki chini ya kitambaa cheusi mpaka siku wao wenyewe watakaponiogesha na kunisuka, kuondoa kilio. Nikimaliza mwaka vizuri, nabaki katika nyumba na watoto wangu. Nikivunja, narudi kwetu. Najua sheria ya nchi inasema mengine. Sheria haikuwepo sebuleni siku ile, nilikuwepo mimi na watu kumi na wawili wa upande wa mume.

Nilikubali. Niliitaka ile nyumba. Watoto walikuwa na shule karibu, na ukuta wa jikoni ulikuwa bado na alama za penseli ambapo baba yao alikuwa anawapima urefu.

Mwezi wa nane wa kilio kichwa kilinishinda. Nywele ambazo hazijachanwa miezi minane, chini ya kitambaa, na joto la mwezi wa kumi, zilishikana kabisa. Niliwashwa mpaka nikajikuna vidonda. Usaha ulitoka, kitambaa kikanatia kwenye ngozi, kukivua kila asubuhi ilikuwa kulia. Sikutafuta urembo. Nilitafuta kulala.

Nikamwita msusi wangu. Alikuja mchana, watu wakiwa kazini na watoto shuleni, tukakaa nyuma ya nyumba kwenye ua wa jikoni. Alipoona kichwa alishika kinywa. Alinikata zilizooza, akanisafisha vidonda kwa maji ya chumvi, halafu akanisuka mistari midogo, myembamba, iliyolala kabisa, ili chini ya kitambaa isionekane hata kidogo. Mikono yake ilikuwa polepole siku ile, kama ya mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Nililia, na yeye akalia.

"Mama, usiogope," alisema. "Hii ibakie kati yetu mbili. Minye siko na kinywa kwa hii."

Sikuwa na pesa mkononi. Pesa zilikuwa zinapitia kwa wifi yangu tangu mazishi. Lakini matabishi gani ningeacha kumpa siku ile, ile kati ya siku zote? Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikatoa kitenge. Kilikuwa kipya, cha kijani chenye ndege wa manjano, mume wangu alininunulia kabla ya kuugua na sikuwahi kukishona. Mwanamke wa kilio hakivai. Nikampa. Alikataa mara ya kwanza, halafu akakikubali. Akakunja nywele zangu kwenye karatasi, akanipa, "Kichwa chako hiki, mama." Usiku ule nililala kama mtu.

Hapo ndipo nilipojiua mwenyewe, na hilo nalikiri. Kitenge kile mume wangu hakukichagua peke yake. Alikwenda sokoni na dada yake. Nilijua, nilikuwa nimeambiwa, nikasahau. Kwa miezi minane nilikuwa nimefikiria kichwa tu.

Msusi alikishona, akakivaa kazini. Wifi yangu alikwenda kusukwa.

Jumapili moja baada ya ibada waliingia nyumbani kwangu bila kuniambia, mjomba mbele, wifi yangu nyuma yake, na wengine wanne. Niliwapa viti. Nikaenda kuweka maji jikoni. Wifi akaniita.

"Wifi, vua kitambaa."

"Juu ya nini?" nikauliza.

"Vua tu. Kama hakuna kitu, tutaomba msamaha."

Sikuvua. Nilibaki nimesimama na kikombe mkononi. Alikuja mwenyewe, akaingiza kidole chini ya fundo, akavuta. Watoto wangu walikuwa mlangoni. Mjomba aliangalia kichwa changu mara moja, halafu akaangalia viatu vyake, na sikumwona tena akiniangalia tangu siku ile.

"Ndugu yetu hajamaliza hata mwaka mu udongo," wifi alisema. "Yee eko anajisuka."

Nilisema juu ya vidonda. Niliinamisha kichwa waone. Vilikuwa vimepona, alinisafisha vizuri mno. Mjomba akasema mwaka utamalizika kama ilivyopangwa, kilio kitaondolewa kama inavyotakiwa, na siku hiyo hiyo nitarudi kwa kaka yangu Kapolowe na watoto wangu. Alisema bila kupaza sauti. Ningependa angepaza.

Walipotoka nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha reli. Sikuvaa hata kitambaa. Nilimkuta msusi amekaa kwenye benchi anapanga meshi za kusukia, na ndege wa manjano wamemkaa kifuani.

"Ulimwambia," nikasema.

Hakukataa. Hilo namwachia, hakukataa. "Aliniuliza kitenge nilikitosha wapi, nilipewa na nani. Alikijua, mama. Ulitaka niseme nilikiiba?"

"Ungesema nilikupa."

"Nilisema ulinipa. Akauliza juu ya nini."

"Na wewe ukasema nini?"

Alikunja meshi, akaikunjua. "Nilisema juu ya kichwa. Alianza kucheka, akasema hata kilio hakimuzuie huyu kutoa matabishi. Na minye nikacheka. Tulicheka tu, mama. Sikuwaza."

Watu huniuliza ni kipi kiliniuma, nyumba au kitambaa kuvuliwa mbele ya watoto. Ni kule kucheka. Niliujua ule mcheko, nilikuwa nimecheka nao kwenye mkeka ule ule, magoti yale yale, tukimcheka wifi yangu kwa kutotoa. Sasa walikuwa wananicheka mimi kwa kutoa. Na nikajua wamenicheka mara nyingi, si siku ile tu. Niliyomwambia kwa miaka yote, yalikuwa wapi? Nilisimama pale nikiyakumbuka moja moja. Nilirudi nyumbani kwa miguu, kichwa wazi, Shituru nzima ikiniona.

Miezi iliyobaki niliimaliza kama walivyotaka, nywele zikashikana tena, vidonda vikarudi, na sikumwita mtu.

Siku ya kuondoa kilio waliniogesha asubuhi, wakanivisha nguo nyeupe, wakanikalisha kwenye mkeka sebuleni ili nisukwe mbele ya familia. Vyombo vyangu vilikuwa tayari kwenye mifuko ukutani, chini ya zile alama za penseli. Wifi yangu ndiye aliyemwita msusi na kumlipa. Alimwita nani? Yule yule. Labda kwa makusudi, labda kwa sababu alikuwa karibu, sikuuliza.

Nikaingiza kichwa tena kati ya magoti yake. Mikono ilikuwa ile ile. Alikwepa kovu bila kuangalia. Alipofika upande ninaoumia akalegeza. Mwili ni mjinga, mwili wangu ulimtulia. Na aibu yenyewe ni hii: kwenye pembe ya ile nguo nyeupe nilikuwa nimefunga noti moja asubuhi ile, aliyonitumia kaka yangu. Matabishi yake. Sikupanga kumsamehe, wala sikujua napanga nini. Mkono ulizoea, ulifunga wenyewe.

Alimaliza. Nikasikia anaokota nywele, nikasikia karatasi inakunjwa. Nikanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, kama miaka yote.

Nilingoja. Mkono ulibaki hewani mpaka bega likachoka. Nikageuka. Karatasi ilikuwa mikononi mwa wifi yangu, na alikuwa anafungua mkoba wake.

"Ni yee njo alilipa, mama," msusi akaniambia polepole, macho kwenye mkeka.

Wifi aliitia ndani, akafunga zipu. Sote tuliokuwa sebuleni tulijua nywele zinarudi kwa mwenye kichwa. Niliinuka, nikashika ile pembe ya nguo, nikakaza fundo kwa meno.

Mchana ule nilipanda gari la Kapolowe na watoto wangu, kichwa kimesukwa vizuri kuliko siku zote, na noti yake bado imefungwa.