Wamexico Niliowafungulia Kanisa

Ujinga wangu mkubwa niliufanya nimesimama, mwanangu, mimi ambaye kazi ninayoijua vizuri ni kukaa. Nakumbuka ilikuwa miaka ya tisini, huku Anderlecht, Ubelgiji, nami kijana niliyemaliza sekondari Bukavu na kujiona maktaba inayotembea. Inayotembea kutoka kitandani hadi dirishani, lakini.

Sisi watu wa Kivu tulikuwa tukisali chini ya kanisa, katika chumba cha mashine ya kupasha joto. Kanisa lenyewe juu lilikaa tupu mchana kutwa. Parokia ilisema ngoma zetu zina kelele. Jirani yangu Maman Noella alikuwa na mama yake mzazi mwenye magoti mabovu, hawezi kushuka zile ngazi. Basi bibi huyo aliwekewa kiti mlangoni, juu ya ngazi, koti mwilini, akisikia nyimbo tu.

Nilikuwa nimesoma riwaya moja ya Kifaransa kuhusu Wamexico wanaochuma nyanya katika mashamba ya Wamarekani. Jumapili wanafika kanisani, mikono bado ina rangi ya majani, mzee wa kanisa anawaambia wangoje nje mpaka wenye viti vyao waishe kuingia. Nilipomsimulia Maman Noella, alinishika mkono. "Bon, Déo, siku ya sikukuu ya parokia uwaambie hiyo. Ukimaliza tu, mimi nasimama, naomba tupande juu."

Siku ikafika. Mstari wa mbele walikaa mapadri wazee waliowahi kufanya kazi kwetu Kivu, Kiswahili chao kimenyooka kuliko changu. Nikasimama kusimulia, mmoja wao akanitabasamia. Ulimi hauna mfupa, mwanangu: hadithi ilipofika pale mlangoni pa kanisa, Wamexico wangu wakapokelewa! Padri wao mwenyewe akawakumbatia, akawaketisha mbele. Ukumbi mzima makofi. Yule padri mzee aliyenitabasamia akainuka, machozi yanamlengalenga: "Mnaona, wanangu? Ukiwa na subira, Mungu anafungua mlango."

Nani angeomba kitu baada ya hapo? Maman Noella alikuwa ameshaanza kuinuka. Akaketi. Tukabaki chini.

Nilijiambia ile ni heshima. Heshima si utumwa, walisema wazee, na yangu haikuwa hata heshima. Ilikuwa woga uliovaa tai.

Mwanangu, ukikabidhiwa hadithi ya wanaodharauliwa, isimulie pamoja na dharau yake, hasa mbele ya wanaoweza kuiondoa. Mficha uchi hazai. Wala usimtwike Mungu kazi ya kumpaka mafuta aliyefunga mlango; msema kweli ndiye mpenzi wake. Wale mapadri walikuwa watu wema, chai yao niliinywa sana, ila mtu mwema asiyeambiwa atajuaje? Mungu akupe kinywa kisichotetemeka, na kikitetemeka akupe mtu wa kukukaripia.

Mimi alinipa Maman Noella. Jioni ile alinisubiri mbele ya nyumba yetu, hata salamu hakunipa:

"Déo, Wamexico umewapa viti vya mbele. Mama yangu iko bado pale mlangoni, baridi inamukula. Uko muoga tu."