Wati Mia Moja na Sitini za Sajini

Kila Jumapili baada ya ibada mimi humchua Mwaitu bega la kulia. Mwaitu ni mama, ndivyo tunavyomwita sisi Wakamba. Nikifungua tu chupa ya dawa, harufu ya kafuri hunipanda puani, na kabla sijamgusa tayari nimerudi mtoni. Niko kidato cha pili, nimechuchumaa mchangani na simu ya baba mkononi, nampima punda.

Punda mwenyewe aliitwa Sajini, kwa sababu yeye ndiye aliyeamua twende lini na tusimame wapi. Tulizaliwa karibu mwaka mmoja, na nilimpenda kuliko baadhi ya jamaa zangu, Mungu anisamehe.

Basi likizo ya Agosti baba akatangaza kwamba Sajini amezeeka. Mnunuzi angekuja Ijumaa, nasi tungeleta punda kijana kutoka Mbumbuni. Sote tulijua mnunuzi yule hatafuti punda wa kufuga. Nilikataa chakula. Mwaitu akaniambia kama nina neno nimpelekee baba sababu, machozi niyaweke kando.

Sababu nilikuwa nayo daftarini. Muhula ule mwalimu wa fizikia alikuwa ametufundisha pawa ya wastani: chukua kitu kilichosimama, kiache kishike mwendo, tafuta kazi iliyofanyika, kisha ugawanye kwa sekunde. Asubuhi tukaenda mtoni, mto wetu ule ambao maji yake yamejificha chini ya mchanga. Tukachimba, tukachota kwa kikombe, tukajaza mitungi minane, tukaipanga juu ya mkokoteni. Nikaweka jiwe mbele ya gurudumu, na jingine mita tano mbele.

Mwaitu alicheka, akasema nimwambie Sajini ajiandae, leo ana mtihani. Kisha akaenda nyuma ya mkokoteni, pale anaposimama kila mwanamke wa kwetu punda akitoka mchangani, akangoja niseme twende. Mimi macho yote yalikuwa kwenye kwato.

Nikasema twende, na saa ya simu ikahesabu sekunde tano. Mita tano kwa sekunde tano, tena kwa kuanzia sifuri, maana yake kwenye jiwe la pili mwendo ulikuwa mita mbili kwa sekunde. Punda, mkokoteni na maji nilikisia kilo mia nne. Nusu ya mia nne, mara mbili, mara mbili tena: jouli mia nane. Gawanya kwa tano, unapata wati mia moja na sitini. Nilirudia hesabu mara tatu juu ya goti, na mara zote tatu Sajini alipita.

Baba aliishia darasa la saba, na karatasi yenye hesabu ilimtia adabu. Aliigeuza huku na huku, akauliza wati hizo ni nyingi? Nikamwambia zinawasha balbu mbili za zamani na nyingine zinabaki. Akamtazama Mwaitu, aliyekuwa akipepeta ndengu.

"Mtoto amesoma, Baba Mutheu," Mwaitu akasema, akimwita kwa jina langu. "Mwache punda."

Mnunuzi akapigiwa simu asije. Nililala nikiwa mtu mkubwa sana.

Ilipita miaka miwili. Dada yake Mwaitu akajifungua kule Sultan Hamud, Mwaitu akaenda kumtunza, nami nikaenda mtoni peke yangu. Nikajaza mitungi minane kama kawaida, nikasema twende. Sajini akavuta mpaka shingo ikanyooka. Gurudumu halikusogea. Nikambembeleza, nikamgombeza, nikamtajia hata wati zake. Wapi! Mwishowe nikazunguka nyuma kuona kilichokwama.

Hapakuwa na kitu. Ila ubao wa nyuma, ambao kwingine ulikuwa na vibanzi vya kuchoma, mahali pamoja ulikuwa laini na unang'aa, kimo cha bega la Mwaitu. Nikaweka bega langu pale nikasukuma mpaka nikaona nyota, na bado ikabidi nimwage mitungi minne. Nililia njia nzima. Kumbe nilikuwa nimempima mama yangu, nikampa punda maksi, na kwa maksi hizo mama akasukuma miaka miwili zaidi.

Jioni hiyo nilimwambia baba. Punda kijana akaja, na Sajini akastaafu, akawa anakula mabua ya mahindi na kutuamrisha mpaka uzee ulipomchukua. Bega la Mwaitu lakini halikurudi kuwa lilivyokuwa.

Jumapili iliyopita ndipo nilipopata ujasiri wa kumwuliza kwa nini alinyamaza siku ile.

"Ulikuwa umefurahi," akasema. "Na hesabu ulipata, mwanangu. Jina tu ndilo ulikosea."

Nikamimina dawa nyingine kiganjani, nikaendelea kuchua.