Ufunguo wa Nyumba ya Nyuma

Kitanda ndicho kilichoanza kunichosha. Nilikiagiza kwa seremala mmoja wa mtaa wa Katoyi, mtu mwenye sifa zake, nikamwambia nataka kitanda kipana, cha wageni, watu wawili walale bila kusukumana. Akanitengenezea kitanda kweli. Kililetwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kimefungwa kwa kamba za mpira, mwenye chukudu anahema, majirani wamesimama kuangalia. Kilipofika mlangoni kikagoma. Nyumba ile ya nyuma baba aliijenga kwa mawe meusi ya volkano, kuta nene, na mlango nadhani aliupima kwa mwili wake mwenyewe, na baba alikuwa mwembamba. Nikampigia seremala simu.

"Mama, kitanda iko muzuri," akasema. "Ni mulango njo iko mubaya."

Nikakata simu. Ilibidi tung'oe dirisha zima pamoja na fremu yake, kitanda kikaingilia huko, na dirisha liliporudishwa halikufunga vizuri tena mpaka leo.

Mama yangu alikuwa ameketi uani kwenye kibao chake, ungo wa maharage magotini, akaiangalia kazi yote tangu mwanzo mpaka mwisho. "Mwenye atalala pale," akasema, "atamutafuta bibi yake na tochi." Mwenye chukudu alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka. Siku zile nilikuwa sina nafasi ya kucheka.

Baba alipofariki alituachia parsele hii ya Kyeshero, hapa Goma: nyumba kubwa mbele, ninamoishi na mama, na nyumba ndogo ya vyumba viwili nyuma, ambayo ukisimama mlangoni pake unaona kipande cha ziwa kati ya mapaa ya majirani. Tuko wawili tu tuliobaki, mimi na kaka yangu mkubwa, ambaye tangu utotoni namwita yaya. Yaya anaishi Lubumbashi, na kutoka huko huko aliamua kwa simu. Parsele iuzwe. Mabati yameoza, mimi peke yangu siwezi kuitunza, mama aende kukaa kwake, katika apartema, ghorofani, kuna lifti. Mama alisikia kila neno, maana nilikuwa nimeiweka simu mezani inasema kwa sauti. Mama alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, akavikimbia wakati wa vita, ng'ombe wakabaki. Akakaa kambini Mugunga chini ya plastiki na sisi watoto mpaka baba alipopata kiwanja hiki. "Mimi nilihama vya kutosha," alisema, akainuka akaenda jikoni.

Basi nikamwomba yaya anipe nafasi. Nitaitengeneza nyumba ya nyuma, nikasema, nitaipangisha kwa watu wanaokuja kupumzika siku mbili tatu karibu na ziwa, wale wanaovuka barieri ya mpakani kutoka Gisenyi, wale wanaoshuka mashuani kutoka Bukavu kuja kwenye arusi. Nyumba ndogo itaitunza nyumba kubwa. Yaya akasema, "Bon. Mugeni kuja, hiyo haiko kitu, mutu anaweza kupotea njia. Lakini akija, akaondoka, akarudia, hapo sitauzisha." Ndivyo ilivyokuwa. Mama abaki kwake au apandishwe lifti, yote yalitegemea kama mtu nisiyemjua atalala vizuri katika kitanda changu.

Nikajifunga kibwebwe. Jioni nilikuwa naangalia kwenye simu picha za nyumba za wageni za miji mingine, na kila picha ilikuwa na shuka nyeupe. Nikanunua shuka nyeupe. Goma hii, yenye vumbi jeusi linaloingia hata kwenye sukari, mimi nikanunua shuka nyeupe, na dirisha halifungi. Asubuhi naweka, jioni zina rangi ya majivu, nafua, naanika, upepo unapita, narudia. Nikaweka mashine ya kuchemsha maji ya kuoga. Ikiwaka, taa zote za parsele zinazimika, mpaka za jirani ambaye tulikuwa tumeunganisha naye waya, na jirani anakuja kunisemesha kwenye ua kama vile mimi ndiye niliyeuleta umeme mjini. Nikanunua vikombe sita vinavyofanana. Nikanunua birika la umeme, kikaango, taulo, hata kisu cha kukatia mkate ambacho nyumba yetu wenyewe haijawahi kuwa nacho.

Na nikitoka, mama anaingia. Matela mpya ya kile kitanda aliirudishia plastiki yake ili isichakae, ukijigeuza usiku inalia kama mfuko wa chumvi. Kwenye viti, kwenye meza, juu ya birika la umeme, alitandika vitambaa vyake vya kushonwa kwa uzi, vyeupe na vya pinki, vyenye maua. Niliviondoa. Kesho yake vimerudi. Niliviondoa tena nikamwambia siku hizi watu wanapenda mahali patupu, pasiwe na kitu. Akanitazama kwa huruma. "Patupu kama wapi? Kama wamefiwa?"

Lakini yote hayo yalikuwa mepesi. Ugomvi wetu wa kweli ulikuwa ufunguo.

Nilikuwa nimetengeneza kitasa kipya na nikamwambia mama kwamba wageni wakifika nitawapa ufunguo wao, waingie na kutoka wanavyotaka. Aliacha kuchambua maharage. Kwao, nyumba yenye mgeni haifungwi, na mgeni akirudi kutoka mjini mtu wa nyumba ndiye anamfungulia, anamuuliza ametembea vipi, anampa maji. Kumpa mgeni ufunguo ni kumwambia: urudi, usirudi, hakuna anayekungoja. Hata muuza mitumba akilala kwako kwa ajili ya mvua humfanyii hivyo. Nilimweleza kwamba hawa wanalipa. "Kwa hiyo mutu akilipa haamukiwe?" akauliza. Alinitia kichwa kuuma. Nikaenda kununua sabuni.

Wageni wa kwanza walikuwa bwana na bibi yake, wametoka Bukavu, wameoana juzi juzi tu. Niliwapokea, nikawaonyesha birika, dushi, kila kitu, nikafungua mkono kuwapa ufunguo, ufunguo haupo. Mama alikuwa ameufunga kwenye ncha ya kitenge chake. "Mimi niko," akawaambia kwa upole. "Mukirudi nitafungua." Wakacheka, wakaona ni mama mzuri. Alfajiri, mimi bado niko kitandani, mama alishawagongea. Aliwapelekea beseni la maji ya moto, kwa sababu hiyo mashine yangu hakuiamini. Akarudi na termosi ya chai. Akarudi na sambaza, vile vidagaa vya ziwani, za kukaanga na ndizi. Kisha akavuta kiti akakaa nao, maana mgeni haachwi peke yake akila kama paka, akawauliza wazazi wao ni wakina nani, wa kijiji gani, na bibi arusi ameshaanza kujisikia vipi tumboni. Nilipotoka kumwita, saa nne ilikuwa imepita, na yule bwana alikuwa bado amejifunika taulo.

Walitakiwa kukaa mpaka Jumapili. Wakaondoka Jumamosi, na adabu zao zote, na ahadi ya kutusalimia wazazi wao. Nilipandwa na moto. "Mama," nilimwambia, "unajua unachokifanya? Ni wewe ndiye unayejipeleka Lubumbashi. Mgeni wa kulipa hataki kuongea. Anataka ufunguo wake, na atulie." Nilisema kwa sauti, uani, majirani wakisikia. Mama alifungua ncha ya kitenge, akanipa ufunguo, na tangu siku hiyo akawa hakanyagi nyuma.

Mgeni aliyefuata alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, muzee wa heshima zake, peke yake, amesema anataka kupumzika. Nikasema, huyu sasa Mungu ameniletea. Nilimpa ufunguo mkononi. Sikumgongea. Sikupita karibu na dirisha. Nikimwona anatoka najificha jikoni ili asione aibu ya kulazimika kusalimia. Alikaa siku zake zote, na siku ya kuondoka akaja mwenyewe kwenye nyumba ya mbele, kofia mkononi, uso umekunjamana.

"Mama, nyumba iko muzuri, kitanda iko muzuri," akaniambia. "Lakini nilikosa nini? Kama niliwakosea, muniambie. Tangu nifike hakuna hata mutu aliniambia jambo. Jana nilikula mukate peke yangu, nikaangalia ukuta."

Niliomba msamaha, nikampa termosi ya chai ya njiani. Alipotoka niliketi kwenye ngazi nikataka kulia kwa hasira. Ukimkaribia mtu, anakimbia. Ukimwachia nafasi, anasononeka. Na yule muzee naye hakupiga simu tena.

Ndipo yaya akaja. Alifika Ijumaa akiwa na begi moja na habari kwamba amepata mnunuzi, mtu wa hapa hapa mjini, atapita Jumatatu kuangalia. Nyumba ya mbele haina chumba cha ziada, kwa hiyo nikampeleka nyuma, na nakiri nilikuwa na tumaini. Nilisema moyoni: aone mwenyewe. Shuka nilikuwa nimezifua asubuhi. Alifungua bomba la dushi, maji ya moto yakatoka, na kwa mara ya kwanza taa hazikuzimika. Aliketi kitandani, akarukaruka kidogo. Alishika vikombe vyangu sita. Alisimama mlangoni akaliangalia lile ziwa dogo letu kati ya mabati. Mama alikuwa amekuja nyuma yetu, mara ya kwanza tangu nimgombeze, akasimama pembeni ya ukuta.

"Dada, umetumika kazi ya maana," yaya akasema. "Sikudhani. Na nyumba ikiwa hivi, huyu mutu atatoa bei ya juu kabisa."

Miezi yote ile, lile dirisha, zile shuka, ule ugomvi wa umeme na jirani, nilikuwa nampambia mnunuzi. "Wageni walirudia?" akaniuliza. "Bado," nikasema. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua.

Mama alimkaribia. Alininyooshea mimi mkono, nikampa ufunguo bila kuelewa, naye akauweka kwenye kiganja cha mwanawe. "Kamata," akasema. "Ukitaka kutoka, utoke. Ukitaka kurudi, urudi." Yaya akacheka, akautia mfukoni. Ameishi mbali muda mrefu.

Asubuhi nilimimina chai kwenye termosi nikaandaa sahani ya sambaza. Mama, bila kuinua macho kwenye ungo wake, akasema, "Wacha. Yule ni mugeni wa kulipa. Anapenda atulie." Nilisema mama, ni yaya huyo. "Wacha," akasema tena, na ile sauti naijua. Niliweka sahani chini.

Jua lilipanda. Tulimsikia anafungua mlango, anaufunga, anakohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka ajulikane kwamba ameamka. Hakuna aliyekwenda. Mwishowe akaja uani, amenyoa ndevu, amevaa viatu, ufunguo mkononi.

"Ulilala muzuri?" mama akamuuliza. Hakumpa mkono. "Hakuna kitu kimekosekana? Sabuni iko? Sukari iko kwenye kopo, dada yako njo aliweka."

"Mama," yaya akasema, "mbona sikuamukiwa?"

"Ulipewa ufunguo."

Alisimama pale. Niliona lile neno linamwingia pole pole, kwanza machoni, kisha mabegani. Mtoto aliyelelewa na mama huyu anajua ni nani anafunguliwa mlango na ni nani anapewa ufunguo, hata akikaa Lubumbashi mpaka nywele zigeuke nyeupe.

"Mama, ni mimi."

"Ninakujua." Aliendelea kuchambua. "Na kule kwako, kwenye ghorofa, mukitoka asubuhi mwende kazini mpaka jioni, mimi pia nitapewa wangu?"

Yaya akaugeuzageuza ule ufunguo, kisha akainama akauweka kwenye ungo, katikati ya maharage. Mama akautoa kama anavyotoa kijiwe, akaufunga kwenye ncha ya kitenge. Halafu akaniambia nilete ile chai kabla haijapoa.

Mchana huo huo yaya alihamisha begi lake. Siku zilizobaki alilala kwenye kochi la salon ya nyumba ya mbele, miguu inaning'inia nje, kitambaa cha pinki chenye maua kimemganda shavuni, na kila alfajiri mama anamwamsha na termosi na kumwuliza habari ambazo alishamwuliza jana. Jumatatu mnunuzi hakuja. Sikuuliza kama alipigiwa simu au alichoka njiani. Kule nyuma kitanda changu kilikuwa kitupu na shuka zake nyeupe, vumbi linashuka juu yake taratibu, na nikipita nikaona nachukia upya.

Siku ya kuondoka yaya alisimama kwenye lango, akajinyoosha mgongo kwa maumivu. "Nitarudia Noeli," akasema. "Lakini mimi sitalala kule nyuma. Kile kitanda mukilete huku mbele."

Alikuwa mgeni wa kwanza kusema atarudi. Nimeshaupima mlango wa mbele. Hakiingii.