Fundi Mwenye Misumari Mdomoni

Shemeji yangu ni fundi makochi, na mdomo wake ndio mfuko wa misumari. Asubuhi huchota ile midogo kwa kiganja, huitupia kinywani, kisha huitoa mmoja mmoja kwa ulimi huku nyundo ikienda. Mteja akiuliza bei, anajibiwa kwa vidole. Dada yangu, mkewe, alimnunulia kibakuli cha bati cha kuwekea misumari hiyo. Kikaishia kuwekwa chaki. Hata jioni, mdomo ukiwa mtupu, jibu lake kwa kila kitu ni "mm".

Sikuwahi kumlaumu sana, maana dada yangu huongea kwa niaba ya wote wawili. Lakini mimba ilipokua, woga ukamwingia.

"Siogopi uchungu," aliniambia akikunja nguo za mtoto. "Naogopa kulala pale naumwa, na mtu pembeni yangu kanyamaza kama ukuta."

Kliniki yao ilikuwa na darasa la wazazi watarajiwa kila Jumamosi, na aliyehudhuria ndiye aliyeruhusiwa kumsindikiza mama chumba cha kujifungulia. Mtu mmoja tu. Tukaenda wote watatu: shemeji kama mume, mimi kama tairi la akiba.

Kwa mikono, shemeji hakuwa na mpinzani. Alipomkanda dada kiunoni, dada alifumba macho kwa raha, na wake za watu wakawatazama waume zao kwa jicho baya. Mwanasesere alimfunga nepi ikamkaa kama foronya mpya. Nikajisemea, huyu atatutoa kimasomaso.

Kisha mkunga aliyetufundisha akapiga makofi. "Haya, uchungu umekuja. Akina baba, semeni na wake zenu. Waambieni walegeze mabega."

Dada akavuta pumzi, akajifanya anaumwa. Shemeji jasho likamtoka. Akafungua mdomo, likatoka neno ambalo huiambia mikanda ya makochi kila siku:

"Kaza."

Darasa zima likavunjika mbavu. Mkunga mwenyewe ilibidi ashike meza. Nami nilicheka, mpaka nilipouona uso wa dada. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo shemeji akawa haitoi hata ile "mm" yake.

Jumamosi ya mwisho, tukiwa getini, dada alimwambia taratibu, "Mume wangu, ataingia mdogo wangu. Usijisikie vibaya."

Akaitikia kwa kichwa. Roho iliniuma, nikajiona kama nimekalia kiti cha mtu.

Uchungu ulikuja mchana, mimi nikiwa na dada nyumbani. Nikampigia shemeji simu, tukatangulia kliniki. Nesi alikuwa ndiyo kwanza anauliza nani anaingia, shemeji akatokea mbio, vumbi la sponji kichwani, mashavu yametuna. Akanishika mkono na kutema misumari yote kiganjani mwangu.

"Naingia mimi," alisema.

"Utasema nini?" dada alimuuliza kwa shida.

"Sijui. Lakini nitasema."

Dada akamtazama, kisha akauachia mkono wangu.

Nikabaki kwenye benchi nje, mlango wenyewe wa ubao mwembamba, kila neno likipenya. Kwanza nikasikia dada akiugua tu. Halafu sauti ya shemeji, nzito, ya mtu asiyeizoea: "Kwanza fremu. Mbao iwe kavu. Ikiwa mbichi, itapinda. Halafu mikanda. Mikanda unaivuta, una..."

"Usithubutu," dada alisema.

"Unailegeza. Polepole. Na wewe legeza mabega, mama."

Kwa maneno tu akaweka springi, akakata sponji. Kila aliponyamaza, dada alisema, "Endelea." Kochi la watu watatu likaisha, akaingia kwenye viti vya mmoja mmoja.

"Kitambaa rangi gani?"

"Kijani!" dada akapiga kelele, na nyuma yake ikaja kelele nyingine, nyembamba, isiyo ya dada.

Mkunga akasema, "Baba, mbona umekwama? Binti yako huyu. Sema naye."

Nikamsikia akikohoa. "Mwanangu," alisema. "Kwanza fremu."

Nililia pale pale kwenye benchi, ngumi nimeifumba. Nilipoifumbua, misumari ilikuwa bado imo. Jioni nilipita kumfungia karakana, nikamwaga chaki ya kibakulini, nikaitia misumari humo. Hadi leo inakaa humo, na ukipita pale utamsikia fundi akiongea na mtoto aliyelala kwenye kochi la kijani.